Kuwapiga picha chui na simbamangu Ruaha: huduma ya waongozaji wa Iringa mjini

Mpiga picha anayewatafuta chui, au mondo na simbamangu, ambao ni paka-mwitu wadogo kuliko chui, hatajutia fedha atakayowalipa waongozaji hawa wa Iringa mjini, kwa sababu wana ujuzi adimu wa kusoma ardhi na subira ya kuuheshimu ujuzi huo.

Hifadhi ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 2008 ilipoongezewa eneo la Usangu, ina takriban kilomita za mraba 20,000, hivyo kuzunguka na gari kwa kubahatisha ni kumaliza mafuta bure. Kiangazi hurahisisha kazi, ingawa sababu yake inasikitisha: tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu hukauka kila mwaka ndani ya hifadhi, kwa kuwa maji mengi huchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu kabla hayajafika. Swala hukusanyika penye madimbwi yaliyosalia, na chui huwafuata huko huko. Ndiyo maana mwongozaji wetu alianzia kwenye mchanga wa Mto Mwagusi asubuhi na mapema, nyayo za usiku zikiwa bado hazijavurugwa.

Alituonyesha kwamba unyayo wa chui hauachi alama za kucha, kwa kuwa huzificha anapotembea, tofauti na fisi na hata duma. Na kwamba kingo zake zikiwa hazijamomonyoka, wala wadudu hawajakatiza juu yake, mnyama amepita karibuni. Kisha alizima injini, akasikiliza. Nyani na kanga walipopiga kelele upande wa pili wa korongo, hakulikimbiza gari huko. "Tumpe nafasi, mzee, akituzoea atatoka mwenyewe," aliniambia, na baada ya kungoja kwa muda mrefu chui jike akajitokeza, akavuka mchanga mbele yetu bila wasiwasi wowote. Picha za mnyama aliyetulia namna hiyo haziwezi kupatikana kwa dereva anayemfukuza kutoka kichaka hadi kichaka, na ningependa waongozaji wote wa hifadhi zetu wafanye kazi hivi.

Simbamangu tulimwona kwa mbali, ncha nyeusi za masikio yake zikichomoza kwenye nyasi kavu. Picha yake haikutoka vizuri, kwani kufikia saa nne asubuhi joto linalopanda kutoka ardhini huyumbisha taswira, hata lenzi iwe nzuri kiasi gani.

Kasoro kubwa ni gari lenyewe. Abiria wa viti vya katikati walilazimika kupiga picha juu ya mabega ya wenzao, na hapakuwa na mifuko ya kuegemezea lenzi. Aidha, ada ya kuingia hifadhini haimo katika bei, jambo ambalo wangelieleza wazi tangu mwanzo. Anayekwenda na ahakikishiwe kiti cha dirishani kabla ya kulipa, abebe mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele, aifunike kamera yake vizuri kwa ajili ya vumbi la barabara ya Idodi, na achague kati ya Agosti na Oktoba, kabla mvua hazijaotesha nyasi.