Sidii ya Ralph Sutton akiwa Maybeck: mpigaji sina neno naye, muuzaji ndiye

Nimenunua sidii ya Ralph Sutton, mpiga piano wa jazi, ile aliyorekodiwa mubashara Maybeck Recital Hall kule Berkeley, California, yeye na piano tu, hakuna ngoma wala besi. Nilidhani nitaandika sifa tupu. Sasa naandika na hasira zangu, mtanivumilia.

Duka ni la sidii na santuri za mtumba, silitaji. Kijana akaitoa kwenye boksi, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa pindo la fulana, mduara mduara, kama anayesugua sufuria. Roho iliniuma palepale. Sidii hufutwa kutoka tunduni kwenda ukingoni! Mkwaruzo unaokatiza, mashine mara nyingi inauvuka. Ule unaozunguka unafuata njia ileile inayosomwa, na hapo mashine haina ujanja. Lakini bei ilikuwa ya kuokota, nikanyamaza.

Nyumbani, mwanzo wote nilikuwa peponi. Kwa msioijua stride, huo mtindo wa piano anaoupiga Sutton, mkono wa kushoto unafanya kazi ya watu wawili: unagonga noti ya chini, unaruka juu kugonga kordi (noti kadhaa kwa pamoja), unashuka tena, na haukosei, huku wa kulia ukijifanyia mambo yake. Ni mtindo wa Harlem, mtaa wa Weusi kule New York, wa zile karamu za kuchangishana kodi ya nyumba, enzi za mpiga piano James P. Johnson na mwanafunzi wake Fats Waller. Sutton alikuwa Mzungu wa Missouri, aling'ang'ania stride wakati vijana wa rika lake wanakimbilia bibopu, jazi mpya ya wakati huo. Hapa ana miaka 70 na ule mkono bado una nguvu za kutisha. Ukumbi wenyewe ni mdogo, watu kama 50 tu, kwa hiyo hakuna kelele za glasi wala soga za baa. Noti ya chini inatua unaisikia mpaka inapoishia.

Halafu, kwenye wimbo mmoja wa kasi, ikakwama. Dum-cha, dum-cha, dum-cha, palepale. Na ubaya wa stride ni huo, hushtuki upesi. Kichwa kinaendelea kutikisika, mguu unaendelea kugonga sakafu, mpaka unajiuliza mkono wa kulia umeenda wapi. Kisha ghafla, makofi! Watu wanashangilia kitu ambacho mimi sijakisikia.

Nikairudisha. Kijana akaiweka kwenye mashine yake mwenyewe, ikakwama vilevile, dum-cha, dum-cha. Akasikiliza kwa makini kabisa, akaniambia, "Mzee wangu, jazi ndivyo ilivyo. Inajirudia."

Inajirudia!

Nikamwambia, "Kijana, hebu ngoja tuone kama itaisha." Tukangoja. Mteja mwingine akaanza kucheka. Kijana wala hakujali, akasema labda mashine yangu imechoka (imekwamia kwake, jamani!), kisha akanionyesha kwa kidevu karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa kidevu, mtu wa rika la baba yake.

Kwa hiyo nyota moja. Ingawa Sutton kakosa nini? Nyimbo za polepole zote ni salama, na kuna mahali anapunguza sauti mpaka unadhani ameondoka kwenye kiti, huku mkono wa kushoto unatembea tu taratibu. Hapo ni nyota tano na ugomvi ukitaka. Lakini mimi nimelipia wimbo mzima, sijalipia dum-cha. Basi tatu. Au mbili, maana kila nikikaribia ule wimbo nasikia "mzee wangu, inajirudia" kabla hata ya piano.

Duka ni sifuri, na hilo sibadilishi. Tatizo ni kwamba kwenye lile boksi niliiona na ya Dick Hyman, mpiga piano mwingine, ya mfululizo uleule wa Maybeck, tena kava lake safi. Nitaifuata wiki hii, na yule kijana asithubutu kuigusa.