Cheni ya pikipiki 428H: inafaa, ila kagua linki

Siku hizi ukisema linki watu wanafikiria WhatsApp. Neno lenyewe lilianzia kwenye chuma. Waingereza walilipata Zama za Kati kutoka lugha za Skandinavia, likimaanisha pete moja ya mnyororo, na Wajerumani wana ndugu yake, Gelenk, ambalo ni kiungo cha mwili kama goti. Kiungo chetu nacho kina goti ndani yake, tena kimeingia mpaka kwenye pilau.

Turudi dukani. Boksi likiandikwa 428H-118, hiyo 428 ni saizi ya cheni, na 118 ni idadi ya linki. Kila linki ni nusu inchi, milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. H maana yake pleti za pembeni ni nene kuliko za 428 ya kawaida. Kwa bodaboda ya Mwanza inayotoka Mwaloni na matenga ya samaki kisha ipande vilima vya Bugando, H inastahili pesa ya nyongeza. Anayekwenda kazini peke yake kwenye lami, ya kawaida inamtosha.

Usitarajie H idumu mara mbili, hata muuzaji akiapa. Pleti nene huzuia cheni kukatika. Pini na bushi, yaani vimrija vinavyozunguka pini, zinalika vilevile. Mafundi husema cheni "imevutika", lakini chuma hakijavutika: kila linki imelika kidogo, na vidogo 118 vinafanya cheni ilegee. Ivute ikaze, pima linki 20. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259 itoe, na ubadilishe sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni) zote mbili pamoja nayo, la sivyo meno yaliyochongoka yataimaliza mpya upesi.

Adui mkubwa ni oili chafu ya injini. Ina chembe za chuma, na ikichanganyika na vumbi la barabara za milimani inakuwa msasa. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha paka oili ya gia kwa ndani, zilipo rola, kila kilomita 500 na baada ya mvua.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni klipu ya linki ya kuunganishia. Upande ulioziba utangulie cheni inakoelekea, mdomo ubaki nyuma. Ukigeuza, kokoto moja inaichomoa. Klipu iliyokwisha kung'olewa usiirudishe. Mlegeo wa cheni, yaani inavyocheza juu na chini, uwe milimita 20 hadi 30, upimwe pale cheni ilipokaza zaidi.