Saa ya Otomatiki Inasimama-simama: Ina Njaa au Inaumwa? (Seiko 5, mashine ya 7S26)

Assalaam aleikum, habari za saa hizi, karibuni mezani. Leo sina boksi la kufungua. Nina saa hii, Seiko 5 ya mjomba wangu, na mkitazama vizuri mtaona mshale wa sekunde unatembea. Sijaivaa. Tangu juzi saa moja kamili usiku imelala hapa juu ya kitambaa, hajaigusa mtu, hata paka nimemfungia nje. Sasa hivi ni saa sita kasoro robo mchana. Pigeni hesabu: saa 40 na dakika 45. Tutaiacha hapo pembeni, na tukiwa tunaongea mnisaidie kuichungulia.

Video hii imetokana na ujumbe ninaoupata kila mara, maneno tofauti lakini kilio ni kile kile: "Kaka, nimenunua saa ya otomatiki, asubuhi naamka nakuta imesimama, nimeuziwa feki?" Huenda. Lakini mara nyingi siyo. Mimi mwenyewe hii ilinisumbua karibu mwezi mzima. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa barazani, akaiweka sikioni, akaitikisa, akaniambia kwa uso mkavu kabisa: betri imekwisha. Jamani, saa hii haina betri. Haijawahi kuwa nayo tangu itoke kiwandani. Nikamshukuru, nikaitia mfukoni, nikaondoka zangu.

Kwa hiyo kabla hujampelekea fundi yeyote, jiulize swali moja: saa ina njaa au inaumwa? Maana dalili ni moja, inasimama, ila dawa zake hazifanani hata kidogo.

Ngoja nichukue hii ya pili, ya jirani yangu, ili ile nisiiguse. Mashine ni ile ile, 7S26. Nageuza mgongo, una kioo. Mnaona hiki chuma cha nusu duara kinachoning'inia na kuzunguka nikiinamisha mkono? Hii ndiyo rota. Ndani kuna kopo dogo, na ndani ya kopo springi ndefu iliyokunjwa. Rota ikizunguka inaikaza springi, springi ikifunguka inasukuma magurudumu, na hayo ndiyo yanayokwenda hadi kwenye mishale. Wajapani hawa wa Seiko wana kikono chao chenye vidole viwili, wamekuwa nacho tangu mwaka 1959: kidole kimoja kinavuta, kingine kinasukuma, kwa hiyo rota ikienda kulia inajaza, ikienda kushoto inajaza. Kitu chepesi, na kigumu kuharibika.

Seiko 5 yenyewe ilitoka mwaka 1963, na mashine hii ya 7S26 ikaja 1996. Ina vito 21, yaani vijiwe vidogo ambamo ncha za magurudumu huzungukia, na inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde. Ikijaa vizuri inatembea takriban saa 41. Ndiyo hizi wazee wetu walizoletewa na ndugu kutoka Maskati na Dubai, zenye jina la siku kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Ukikesha nayo utaona: baada ya saa sita usiku siku inapita kwanza kwenye Kiarabu, inakaa hapo kidogo, ndipo inafika kwenye Kiingereza. Watu hudhani imeharibika. Haijaharibika, ndivyo gurudumu la siku lilivyopangwa.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalijui, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Hiki kidude cha pembeni, hapa karibu na namba nne, kwenye 7S26 hakijazi saa. Ukikizungusha kikiwa kimebonyezwa ndani, unazungusha hewa tu. Nimeona watu wanakizungusha kila asubuhi kwa imani kabisa, kama babu alivyokuwa akitia ufunguo saa yake ya zamani, kisha jioni wanalalamika. Ukikivuta hatua ya kwanza unapanga tarehe na siku, hatua ya pili unapanga mishale. Basi. Chakula cha saa hii ni mwendo wa mkono peke yake.

Na hapo ndipo habari ya mjomba inapoingia. Mjomba aliivaa saa hii miaka na miaka, mtu wa kutembea, dukani, msikitini, bandarini, hakuna siku iliyosimama. Miguu ilipoanza kumuuma akawa mtu wa kukaa, kiti chake na kahawa yake barazani. Saa ikaanza kusimama. Akanipa akisema, "Chukua mjomba, imekufa hii." Nikaivaa, ikawa nzima miezi kadhaa, nilikuwa napanda daladala kila siku, mkono juu umeshika bomba. Halafu nikaanza kufanya kazi nyumbani kwenye kompyuta, ikarudia kusimama. Kumbe ilikuwa inanifuata mimi, kama ilivyomfuata yeye! Ukichapa, vidole ndivyo vinavyocheza, kifundo cha mkono kimelala mezani kama kuku anayeatamia. Rota haizunguki.

Haya, jaribio. Mimi naliita jaribio la meza. Kwanza uijaze mpaka ishibe. Kwa 7S26 unaishika hivi, uso juu, unaizungusha duara ndogo ndogo, polepole, kama unayechunga unga kwenye ungo. Rota itakuwa inazunguka, utaisikia. Usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Sekunde 30 zinatosha kuiamsha, lakini kuijaza kunataka muda zaidi, mimi nilikaa nayo nusu saa huku naangalia mpira, kisha nikaivaa mchana mzima nikihangaika nayo. Usiogope kuishibisha kupita kiasi, ncha ya springi inateleza ukutani mwa kopo ikishajaa, haiwezi kukatika kwa hilo.

Kisha ipange sawasawa na simu, tarehe pia, uilaze, uandike saa uliyoilaza. Uende zako. Hakuna haja ya kuikodolea macho, kwa sababu ikisimama itajiandikia yenyewe: mishale inakuonyesha muda iliposimama, na tarehe inakuonyesha siku.

Ikitembea saa 38, 40, 41, ujue mashine ni nzima. Springi nzima, magurudumu yanapita vizuri. Tatizo liko kwenye kulishwa: ama wewe hutembei, kama mimi, ama rota haipeleki nguvu. Utazitofautishaje? Ivae siku moja ya pilikapilika za kweli, nenda sokoni, fua nguo. Ikitembea usiku mzima ukiwa umeivua, basi mvivu ni wewe. Ikisimama kabla ya asubuhi, sikiliza rota. Naisogeza hii kwenye maikrofoni... hiyo ni sauti nzuri, mvumo laini. Ukisikia inakwaruza, au ukiinamisha rota inachelewa kuanguka, skrubu ya katikati imelegea au rota inagusa mfuniko. Huyo ni mgonjwa, lakini ni ugonjwa mdogo.

Ikisimama baada ya saa 10, 15, 20 hali ulikuwa umeijaza kweli, hapo inaumwa. Na ugonjwa wenyewe, mara nyingi, ni mafuta. Mafuta ya saa yanakauka, yanakuwa kama gundi, na mashine inatumia nguvu zote kujivuta. Watengenezaji wengi wanashauri saa ya namna hii isafishwe kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Sisi tunaipeleka ikishasimama. Hii ya jirani yangu ndivyo ilivyokuwa, na nitawasimulia kwa sababu mnaweza kuangukia humo humo. Ilikuwa inatembea saa 14. Mtu akamfungulia mgongo, akadondosha tone la mafuta ya cherehani katikati, akafunga. Siku mbili ikaenda vizuri, jirani akafurahi. Siku ya tatu ikaanza kukimbia kama ina wazimu, dakika kadhaa mbele kwa siku, kisha ikagoma kabisa. Mafuta yalikuwa yametambaa hadi kwenye ule waya mwembamba uliojiviringa, ule unaopumua, mizunguko ikagandana. Mashine ya saa haina mafuta ya aina moja. Kwenye kopo la springi panatakiwa kitu kizito, kwenye ncha za gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku, mafuta mepesi mno, tone usiloliona kwa macho, na kuna sehemu hazitakiwi kutiwa kabisa. Ikabidi ifunguliwe yote, ioshwe, ianze upya. Sasa ni nzima, lakini gharama ilikaribia bei ya kununua nyingine iliyotumika.

Kwa hiyo fundi muulize swali moja tu: utaifungua yote uioshe, au utatia mafuta tu? Akisema tutatia mafuta kidogo, mwambie asante. Na kama ana ile mashine ndogo inayosikiliza mapigo, mwombe akuonyeshe namba ya mzunguko wa mizani, yaani gurudumu hilo linayumba digrii ngapi. Ikiwa saa imejaa, imelala uso juu, na namba iko chini ya 200, hiyo inataka kuoshwa, hakuna ubishi.

Kuna ile inayosimama mahali pale pale. Kama kila mara unaikuta imefia kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, tazama kalenda. Muda huo mashine inabeba mzigo wa kugeuza tarehe na siku, na saa yenye njaa inashindwa mlimani hapo hapo. Ijaze, uone kama inapita. Na ndiyo sababu muda huo usipange tarehe kwa kulazimisha, meno ya kalenda yameshikana, utayavunja. Kama inasimama kila mishale inapopandana, ni mshale umepinda unagusa mwenzake. Chukua lenzi, tazama ubavuni.

Sumaku nitaipita haraka. Spika, kifuniko cha tableti, mkoba wenye kifungo cha sumaku. Kwa kawaida sumaku huifanya saa ikimbie, si kusimama, ingawa ikizidi inaweza kusimama. Fungua dira ya simu, isogeze saa karibu, sindano ikiyumba sana una jibu. Kuiondoa ni kazi ya dakika moja kwa mwenye kifaa. Na mvuke ndani ya kioo? Huo haungoji jaribio lolote, hasa sisi watu wa pwani. Mpelekee fundi leo leo, chumvi na chuma havikai pamoja.

Maoni yangu kuhusu saa yenyewe sasa. 7S26 naipenda, ila simpendekezei kila mtu. Kama kazi yako ni ya kiti, au una saa tatu unazibadilisha, itakuchosha, kila Jumatatu utakuwa unachunga unga. Chukua Seiko 5 mpya, hizi zilizoanza mwaka 2019 zenye mashine ya 4R36. Muda wa kutembea ni ule ule, saa 41, lakini unaweza kuijaza kwa kile kidude cha pembeni, na ukikivuta kupanga mishale, ule wa sekunde unasimama ukaupanga sawasawa na redio. Vile visanduku vya umeme vya kuzungushia saa, sina neno navyo, ila kununua kisanduku kwa ajili ya saa moja naona ni kumwajiri mtu atembee badala yako. Lakini kama wewe ni mama wa sokoni, fundi ujenzi, mwalimu wa kusimama kutwa, 7S26 iliyooshwa vizuri utaisahau mkononi.

Mimi nimeamua nini? Saa tano asubuhi natoka kununua mihogo kwa miguu, na jioni nazunguka uwanja mara tatu. Daktari alishaniambia nifanye hivyo mwaka juzi, sikumsikia.

Hebu subirini. Tazameni hapo pembeni, mshale wa sekunde unasuasua... unapiga, unakaa... Umekaa. Simu yangu inasema saa sita na dakika nane mchana. Saa 41 na dakika nane, imelala tu. Mjomba bado yupo, Alhamisi nampelekea. Na hii ya jirani naijaza sasa hivi, kesho kutwa nitawaandikia hapo chini imetembea saa ngapi.