Miezi minne nikiingia kwenye ramani kwa mikono mitupu

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Tanga. Wateja wangu wengi wakipewa karatasi huona mistari tu, nyumba hawaioni. Ndiyo maana nikajibana nikanunua miwani ya uhalisia pepe (VR), inayomwonyesha mteja nyumba kana kwamba yumo ndani yake. Miwani hii inasoma vidole, mteja asihitaji kushika rimoti yoyote. Kamera zilizo mbele ya miwani huitazama mikono, programu inakadiria kila kiungo cha kidole kiko wapi, na humo ndani unaona mikono ya kivuli ikifuata ya kwako.

Ishara zenyewe ni chache. Ukigusanisha kidole gumba na cha shahada, umechagua. Ukibana kwa mikono yote miwili kisha ukaitanua, nyumba inakua. Ukibana kwa mmoja ukavuta, nyumba nzima inakujia ulipo, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ipo pia njia ya kuonyesha kidole mahali unapotaka kusimama, ukabana, ukajikuta huko. Kwa mahali pa karibu inafanya kazi vizuri. Kwa mahali pa mbali ni tabu, kwa sababu mkono ukitetemeka kidogo tu, alama iliyo upande wa pili wa uwanja inahama hatua nzima. Kuvuta hakuna shida hiyo: kitu kinasogea sawasawa na mkono wako.

Wa kwanza kumvalisha alikuwa shangazi yangu, anayejenga Pongwe. Alipoona mlango wa ukumbi uko mbali, akauita: kiganja chini, vidole vikikwaruza hewa, kama tunavyomwita mtoto. Mlango haukusogea. Akaita tena. Nilisikitika, maana ishara ile ndiyo ya asili kwetu, na waliotengeneza programu hawakuifikiria. Nikamwambia, "Shangazi, bana vidole kama unachambua mchele, umeokota chuya." Akabana, akavuta, mlango ukaja. "Kumbe ndivyo, mwanangu!" Tangu siku hiyo kila mteja namfundisha kwa chuya, na wengi hawachukui hata dakika tano.

Alipokwisha kuzoea alikaa barazani, kwenye kiti halisi nilichomwekea, akageuza kichwa. "Mgeni akikaa hapa analiona jiko langu lote." Kweli. Ramani ile nilikuwa nayo wiki tatu na sikuliona hilo. Mlango wa jiko tuliuhamisha kabla fundi hajachimba msingi, na kwangu mimi fedha ya miwani ilirudi hapo.

Kasoro zipo, na anayetaka kununua azijue. Kamera zinahitaji mwanga. Umeme ukikatika jioni, mikono inapotea. Mkono mmoja ukiuziba mwingine, programu inabahatisha. Mikono mirefu ya buibui ikifunika kiganja, ikunjwe kwanza. Na mabega huchoka: baada ya robo saa ya kuinua mikono namwomba mteja apumzike, aweke viwiko mapajani, abane akiwa hivyo hivyo. Hewani pia huwezi kuhisi kitu ulichokishika, unakiona tu, kwa hiyo kupanga samani kwa usahihi bado nafanya kwa mausi.

Hata hivyo tumetoka mbali. Miaka ya 1980 kampuni ya VPL ya Marekani ilikuwa na glavu yenye nyaya, DataGlove, ndiyo mashine ijue umekunja kidole. Mwaka 2013 kampuni ya Leap Motion ilitoa kikasha kidogo cha kusoma mikono, cha kuweka mezani, na Desemba 2019 usomaji wa mikono ukaingia ndani ya miwani ya Oculus Quest.

Mteja mmoja tu imenishinda kumsaidia. Ni mzee ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo. Kubana hawezi, na miwani haikubali ishara nyingine badala yake. Hili linaniuma, maana yeye ndiye aliyehitaji zaidi kupima upana wa milango yake. Nimemtengenezea nyumba ya kadibodi, paa linafunuka, na anaigeuza mwenyewe kwa viganja.