Baiskeli nzuri, karatasi mbovu: siku nne za changarawe kutoka Cahors

Naanza na bei ya safari hii ya baiskeli kusini mwa Ufaransa, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Nililipa yuro 620 kwa mtu mmoja: baiskeli kwa siku nne, kulala siku tatu pamoja na chai ya asubuhi, gari la kuhamisha mabegi, na faili la njia la kuweka kwenye simu. Chakula kingine chote juu yako. Kiongozi wa msafara hakuna, mnakwenda wenyewe. Kampuni sitaitaja kwa sababu bado tunavutana nayo, na mtaelewa kwa nini.

Mimi mtu wa Tanga, huu mwaka wa sita naishi Toulouse. Nilikwenda na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayekaa Brussels. Yeye ni mwendesha baiskeli kweli kweli. Mimi ni wa kwenda kazini na kurudi, tena pale mvua isiponyesha. Tulianza Jumamosi, mwishoni mwa Mei.

Baiskeli zenyewe sina neno. Kwa asiyezijua: baiskeli ya changarawe ina usukani uliopinda kama ile ya mashindano, ila tairi ni pana, zetu milimita 42, na ndani hamna tyubu. Badala yake humiminwa maji meupe mazito, na ukikanyaga mwiba yanaziba tundu lenyewe kabla hujashuka. Gia ya mwisho ni nyepesi hivi kwamba mlimani miguu inazunguka kama mguu wa cherehani huku wewe unasogea taratibu. Aliyekulia kwenye Phoenix ya keria, siku ya kwanza anaona haya hata kuiegemeza ukutani.

Pale Cahors, mji tulioanzia, kuna daraja la mawe, Pont Valentré, lenye minara mitatu, ujenzi wake ulianza mwaka 1308. Wenyeji wanasimulia kwamba mjenzi aliingia mkataba na shetani amsaidie kazi, na ili asimpe roho yake akampa sharti la mwisho: amletee maji kwa chekecheo. Shemeji akacheka peke yake. "Kumbe kuteka maji kwa pakacha wamekusikia hata huku!" Daraja lilipokarabatiwa mwaka 1879 msanifu akaweka sanamu ndogo ya shetani huyo kwenye mnara wa kati, na ukikaza macho unamwona.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Unafuata mto Lot, na ukifika Bouziès njia inaingia kwenye mwamba. Si kupita kando yake, namaanisha imechongwa ndani ya ukuta wa jiwe katika karne ya 19, ili wavuta mashua wapate pa kukanyaga wakizivuta kwa kamba dhidi ya maji. Jiwe liko juu ya kichwa chako kama paa, mto chini ya bega lako la kushoto. Tulishuka tukasukuma, kwa sababu watembea kwa miguu walikuwa wengi na jiwe linateleza. Mahali fulani mchongaji wa siku hizi amechora ukutani samaki na makombe, na watu hawaachi kuyapapasa.

Saint-Cirq-Lapopie iko juu ya genge, kama mita 100 kutoka mtoni. Mwaka 2012 Wafaransa waliipigia kura kuwa kijiji wanachokipenda kuliko vyote, na mchana inaonekana wote waliopiga kura wamekuja siku moja. Ila mabasi yakiondoka jioni, mnabaki ninyi, mbayuwayu, na nyumba za tangu enzi za mabwana wa ngome zilizoegemeana kama wazee waliotoka msikitini. Kama kampuni ina sifa moja ya kweli ni hii: walitulaza ndani ya kijiji, si mbali barabarani. Kwa hilo pesa yangu siijutii.

Jumapili tukapandisha bonde la mto Célé. Hapa ndipo lawama zinapoanza. Karibu na Cabrerets kuna pango la Pech Merle, waliloligundua vijana wawili mwaka 1922, lenye farasi wa madoadoa na alama za viganja vya watu wa maelfu ya miaka iliyopita. Bado unaingia kwenye pango lenyewe, si nakala yake, na ndiyo maana idadi ya wageni kwa siku ina kikomo. Karatasi ya kampuni iliandika "msikose kulitembelea". Kwamba inabidi kukata tiketi mapema haikuandika. Tulifika mlangoni tukiwa na jasho na kofia mkononi, tukarudi hivyo hivyo.

Figeac ilinipoza. Ndiko alikozaliwa Champollion mwaka 1790, yule aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale. Katika kiwanja kimoja nyuma ya makumbusho yake wamelaza sakafuni nakala kubwa mno ya jiwe la Rosetta, lile lililomsaidia kuyafumbua, unatembea juu ya herufi. Nakala hiyo ni ya graniti nyeusi kutoka Zimbabwe. Nilivua viatu vya baiskeli nikapita juu yake na soksi. Lilikuwa bado na joto la jua.

Sasa Jumatatu. Kutoka Figeac kwenda Rocamadour unakatiza nyanda za chokaa ambazo huko wanaziita causse. Mvua ikinyesha ardhi inaimeza papo hapo, kwa hiyo juu hamna kijito wala kisima. Kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo, mialoni mifupi, na kondoo wenye duara jeusi kila jicho, kama wamevaa miwani. Changarawe yake ni nyeupe, inalia chini ya tairi kama mtu anakaanga bisi. Pazuri sana. Ila Jumatatu maduka mengi ya mkate vijijini hayafunguliwi, na yale mengine yanafunga saa sita mchana hadi saa nane au zaidi. Kurasa nne za picha nzuri, na hilo hawakuliandika! Chupa zikaisha. Bibi mmoja aliyekuwa bustanini kwake akatuelekeza makaburini: makaburi mengi ya Ufaransa yana bomba la kumwagilia maua. Angalieni tu lisiwe na kibao cha kusema maji hayanyweki.

"Shem, maji ya makaburini mimi sinywi."

"Basi subiri ya Rocamadour. Kilomita ishirini na mbili."

Alikunywa chupa mbili.

Haikupita nusu saa nikasikia pssss nyuma yangu. Jiwe lilikuwa limechana tairi ubavuni, mpasuko wa urefu wa ukucha wa kidole gumba. Yale maji meupe yalitakiwa kuchuruzika kama tui. Yangu yalikuwa yamekauka siku nyingi, yamebaki mabonge kama maziwa yaliyokatika, maana yake tairi lile halikukaguliwa kabla sijapewa. Nikafungua kimfuko cha vifaa chini ya kiti: tyubu ipo, lakini ina valvu nene ya aina ya gari, na tundu la rimu ni la valvu nyembamba. Namba ya dharura ikaita mpaka ikakata.

Kilichotuokoa ni tyubu ya akiba ya shemeji na noti yangu ya yuro 5. Fundi wa chini ya mwembe angekata kipande cha tyubu kuukuu akakitia ndani pale palipochanika. Sisi tulikunja noti mara mbili tukaipachika hapo hapo. Noti za yuro ni za pamba, hazichaniki ovyo. Tukajaza upepo polepole huku tunatazama ule mpasuko kama watu wanaosubiri chungu kifurike. Ukashikilia.

Rocamadour tukafika jua linazama, kijiji kimening'inia kwenye ukuta wa genge, ngazi 216 hadi kwenye makanisa. Zamani mahujaji walizipanda kwa magoti. Mimi nilizipanda kwa miguu na nikaona wamenizidi. Jibini yao ya mbuzi, vidude vidogo vya duara, wanaipasha moto juu ya mkate na kumimina asali. Kwa wasiokula nguruwe: saladi nyingi huko huja na vijipande vyake bila menyu kusema, semeni mapema. Bata yupo kila mahali, hamtalala njaa.

Siku ya nne ilikuwa mvua na lami, sina la kusimulia.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili na nusu ni za njia na vyumba. Nikirudi nitakodi baiskeli peke yake, nikague tairi mwenyewe kabla ya kutoka dukani, nisianzie siku itakayoniweka nyikani Jumatatu, na tiketi ya pango nitaikata nikiwa bado nyumbani.

Tuliporudisha baiskeli Cahors, walikata yuro 48 kwenye dhamana yangu kwa "tairi lililoharibiwa na mteja". Nimewaandikia barua pepe tatu na picha za yale mabonge. Kijana wa karakana ndiye aliyechomoa noti, akaipangusa kwenye suruali yake, akanipa bila kusema kitu. Ninayo. Dada wa duka la mkate hapa mtaani aliigeuza mara mbili akaniomba nyingine.