TAHADHARI: Usinunue kontroli boksi kabla ile uliyonayo haijapimwa

Wenye magari ya injini zinazoendeshwa kwa kompyuta (ndiyo hiyo kontroli boksi), someni hadi mwisho, maana mchezo huu unakula fedha za watu wengi.

Unakwenda hivi. Gari limegoma kuwaka, au linawaka na kuzimika ovyo. Fundi anachomeka mashine ya kupimia, mashine haisomi kitu, naye anatamka palepale kuwa kontroli boksi imekufa. Anapigiwa simu muuzaji ambaye tayari anayo moja iliyotumika, "imeshajaribiwa". Inafungwa, gari linawaka, unalipa. Ya zamani inabaki kwao. Usichoambiwa ni kwamba katikati ya kazi hiyo walibadilisha fyuzi, au walisafisha waya wa hasi uliokuwa na kutu kwenye bodi ya gari. Kontroli boksi yako ilikuwa nzima, na sasa inasubiri kuuziwa mwenzako.

Mashine kushindwa kusoma si ushahidi wa chochote. Anzeni kwenye soketi ya kupimia yenyewe, ile mashine inapochomekwa: pini ya 16 iwe na umeme wa betri, pini ya 4 na ya 5 ziwe hasi. Pini ya 16 ikikosa umeme, tafuteni fyuzi yake. Kwenye magari mengi ndiyo hiyo hiyo ya kiwashia sigara. Kisha, kwa magari yenye mtandao wa CAN (waya mbili ambazo kompyuta za gari huwasiliana kupitia), ondoeni waya wa hasi wa betri, subirini dakika chache, pimeni kwa maltimita (kipima umeme) kati ya pini ya 6 na ya 14. Jibu sahihi ni karibu omu 60, kwa kuwa kuna vizuizi viwili vya umeme (rezista) vya omu 120, kimoja kila mwisho wa mtandao. Mkipata 120, upande mmoja umekatika. Mkipata karibu na sifuri, waya hizo mbili zimegusana mahali. Hata kodi (namba ya hitilafu inayosomwa na mashine) U0100, inayopendwa sana na wauzaji hawa, inasema tu kwamba vifaa vingine havipati mawasiliano na kontroli boksi ya injini. Sababu inaweza kuwa waya, fyuzi au rilei (swichi inayowashwa kwa umeme).

Hapa ndipo wengi wanapoibiwa zaidi: umeme wa volti 5. Kontroli boksi hutoa volti 5 na kuzigawa kwa sensa (vipimio vya injini) kadhaa kwa pamoja, kama ya pedali ya mafuta, ya throto (mlango wa hewa ya injini) na ya shinikizo la hewa. Sensa moja ikipiga shoti ndani, au waya wake ukichubuka na kugusa bodi, volti hizo huanguka kwa sensa zote zilizo kwenye laini hiyo. Katika baadhi ya magari kontroli boksi hujifunga kabisa: taa ya injini haiwaki ukifungua swichi, pampu ya mafuta haiungurumi, mashine haisomi. Kila dalili inafanana na kifo chake. Dawa haigharimu kitu. Fungueni swichi bila kuwasha injini, pimeni waya wa volti 5 kwenye plagi ya sensa mojawapo. Ikiwa chini sana, chomoeni sensa moja baada ya nyingine huku mkitazama maltimita. Volti 5 zikirudi, sensa mliyochomoa ndiyo mbovu. Zisiporudi baada ya zote kuchomolewa, tafuteni waya uliochubuka, na baada ya hapo tu ndipo kontroli boksi ishukiwe. Msitumie taa ya kupimia yenye balbu kwenye waya hizi. Inavuta umeme mwingi na inaweza kuunguza kilichokuwa kizima.

Bado kuna umeme wa kuilisha yenyewe. Betri iliyotulia isome karibu volti 12.6, na ikishuka chini ya 9.6 stata inapozunguka, shughulikieni betri kwanza. Stata ikiwa inazunguka, pimeni kati ya pini ya hasi ya kontroli boksi na nguzo ya hasi ya betri: zaidi ya volti 0.2 ni hasi mbovu.

Kontroli boksi hufa kweli, na mara nyingi huacha alama: pini zenye ukijani wa maji, harufu ya kuungua, njia za shaba zilizokatika kwenye ubao wake wa ndani. Kodi kama P0601 au P0606, zinazotaja hitilafu ya ndani ya kontroli boksi yenyewe, zikirudi baada ya kufutwa, huku umeme na hasi vikiwa safi, hapo shaka ina msingi. Lakini ulizeni kilichoiua. Koili (ya kuwasha plagi) au injekta (ya kupulizia mafuta) yenye shoti huunguza swichi ya ndani inayoiendesha, na ukifunga nyingine bila kupima injekta (nyingi za petroli zina omu 12 hadi 16), nayo itaungua vilevile.

Kuhusu iliyotumika: sanduku kufanana hakutoshi. Namba yote kwenye lebo ilingane hadi herufi ya mwisho. Kwa zilizotengenezwa na kampuni ya Bosch, namba za petroli huanza na 0 261 na za dizeli 0 281. Lebo iliyobandikwa upya au skrubu zilizokwaruzwa, iacheni. Pia kuna imobilaiza, kinga ya wizi inayotambua funguo za gari: kontroli boksi ya gari jingine haijui funguo zako, hivyo injini haitawaka, au itawaka sekunde moja mbili na kuzimika. Kazi halali ni kunakili data ya ile ya zamani kwenda kwenye mpya yenye namba ileile ya kifaa. Anayesema "chomeka tu" bila kuuliza namba wala funguo, mkimbieni.

Kabla gari halijafunguliwa, pigeni picha lebo ya kontroli boksi yenu na muichore alama ya siri. Dai irudishwe hata kama imekufa. Na kabla ya kulipa, kama kazi ilikuwa ya kunakili, taka ya zamani ichomekwe tena, betri ikiwa imeondolewa waya wa hasi kwanza. Gari likiwaka vizuri nayo, kontroli boksi haikuwa tatizo na hudaiwi bei yake.

Aliyekwisha kununua asome namba ya chasisi iliyohifadhiwa ndani kwa mashine ya kupimia, pale gari linaporuhusu, ailinganishe na iliyogongwa kwenye bodi. Zikitofautiana, amefungiwa data ya gari la mtu mwingine, na arudi kwa muuzaji akiwa na picha za namba zote mbili.