Fitingi za kukaza kwenye bomba la kopa: miezi 14 juu ya bati la mama, Ujiji

Mama yangu anaishi Ujiji, na miguu yake haiyataki tena maji baridi ya alfajiri. Mwaka jana tukamwekea hita ya jua juu ya bati. Hita yenyewe haikunipa shida. Kazi ilikuwa kwenye bomba la kopa linaloshusha maji ya moto hadi bafuni, hasa maungio yake sita.

Fundi wa kwanza alitaka kulehemu. Silaumu, ungio lililolehemiwa vizuri ni imara, halichukui nafasi, na fitingi zake ni nafuu. Lakini lazima moto wa gesi na bomba likauke kabisa, na maungio mawili yalikuwa yamegusana na kenchi, mbao kavu za miaka mingi. Bomba la plastiki la kawaida nililikataa pia, maana maji ya hita ya jua yakikaa mchana kutwa bila kutumiwa yanapata moto wa kulilegeza. Nikachagua fitingi za kukaza, za shaba ya njano.

Kwa asiyezijua: kuna mwili wenye uzi, kuna nati, na kati yake kuna ringi ndogo. Ukikaza nati, ringi inasukumwa kwenye mdomo wa fitingi uliochongwa kwa mteremko, inabanwa mpaka inaling'ang'ania bomba. Kinachozuia maji ni ringi ile. Uzi kazi yake ni kuisukuma tu.

Nilianza vibaya kwenye vipimo. Dukani Mwanga, Kigoma mjini, niliomba "nusu inchi", nikapewa bomba na fitingi, nikarudi Ujiji. Ringi ikawa inacheza kwenye bomba kama pete ya mtu mzima kwenye kidole cha mtoto. Kumbe nililopewa ni bomba la mafundi wa friji, ambalo hupimwa kwa nje: nusu inchi yake ni milimita 12.7. Bomba la maji linaloitwa nusu inchi kwa vipimo vya Kimarekani lina milimita 15.9 kwa nje. Na fitingi zangu zilikuwa za milimita 15, zinazotaka bomba la 15 kamili. Majina yanafanana, bomba ni tatu tofauti. Sasa sinunui fitingi bila kwenda na kipande cha bomba mkononi na kuvisha ringi pale pale kaunta. Inatakiwa iteleze bila kulazimishwa na bila kucheza.

Bomba sahihi lilipopatikana nikafunga ungio la kwanza mwenyewe. Nikazungushia tepu nyeupe kwenye uzi kama nilivyozoea kwenye bomba za chuma, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Likavuja. Nikaongeza kukaza, likavuja zaidi. Tukamwita fundi mwingine, mzee wa mtaa wa pili. Alipofungua, ringi ilikuwa imepondeka na bomba limebanwa kiuno. "Mwanangu, hii si nati ya gurudumu," akaniambia, akakata kile kipande akatupa.

Alivyofanya yeye ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Alikata kwa kikatio cha kuzungusha, maana msumeno unaacha mdomo umepinda upande. Akasafisha makapi ya ndani na nje kwa tupa. Akavisha nati kwanza, kisha ringi, akasukuma bomba hadi likagota. Nati akaifunga kwa vidole mpaka ikagoma, ndipo akachukua spana malaya mbili, moja imeshika mwili wa fitingi usizunguke, nyingine ikaze: mzunguko mmoja na kama robo. Tepu hakugusa. Akafungua maji, akapitisha karatasi kavu chini ya kila ungio. Moja lilitoa jasho, akaongeza kidogo sana, likakauka.

Miezi 14 imepita. Ungio moja tu limewahi kutoa jasho, lile lililo karibu na tangi. Nililigusa kwa spana kidogo likatulia. Mara moja tulilishusha tangi kulisafisha. Nati zilifunguka, tukarudisha na ringi zile zile zikiwa zimeng'ang'ania bomba, hakuna tone. Aliyelehemu angelazimika kukata au kurudisha moto. Kwa hilo peke yake ningezinunua tena.

Kasoro zipo. Ni ghali, ni nene, na kwa Kigoma hazipatikani kila siku. Elbo moja, fitingi ya kona, niliisubiri wiki mbili ije kutoka Dar. Zipo nyepesi mno pia, nati yake ukiishika unahisi bati, moja ilipasuka ikiwa bado mkononi mwa fundi. Na bomba lisiachwe linaning'inia, likitikisika linalegeza ringi, kwa hiyo tulilifunga kwa klipu ukutani.

Fundi wa plasta alipokuja kumalizia bafu alitaka kuifukia elbo ya ukutani ili ukuta upendeze. Nilimkatalia. Imebaki wazi ndani ya kijidirisha cha mbao, mahali mkono na spana vinafika.